Minyaa Ndani ya Kiroba cha Taka

Mpendwa Mama Serafina, shikamoo. Mimi ni msikilizaji wako wa siku nyingi hapa Chanika, Handeni, na nimezoea kucheka matatizo ya wenzangu unapoyasoma redioni. Leo zamu yangu imefika na sicheki. Naomba unisaidie haraka, maana kuna kijana anaweza kupoteza macho na kuna watu wanaweza kupigwa mawe, na mimi ndiye ninayejua kilichotokea.

Mimi ni mume wa mtu na baba wa mtoto mmoja ambaye hata kitovu hakijadondoka. Kwa ajili ya uzazi huo mama mkwe wangu ameshuka kutoka Mpale kuja kumkanda binti yake na kumlea mjukuu, na kwa kuwa wewe ni mtu wa hukuhuku unajua heshima ya mkwe ilivyo, mimi na yeye hatukai mkeka mmoja, hatuli pamoja, nikipita uani yeye anageukia jikoni, na kama ana neno na mimi haniambii mimi, anamwambia mtoto. Anambeba mjukuu wake anasema kwa sauti, "Mwambie baba yako chumvi imekwisha," nami niliyeko barazani nasikia, naenda dukani, na hakuna aliyemjibu mwenzake. Tumeishi hivyo kwa amani na sijawahi kumkosea.

Nyuma ya nyumba nina bustani ya mchicha, nyanya na matembele, na nimeizungushia ua wa minyaa kuzuia mbuzi wa majirani. Kamba ya kuanikia nguo inapita karibu na ua huo, na mama mkwe alipoona nepi za mjukuu wake zinagusana na minyaa hakuvumilia, alishika panga akakata upande mzima, majirani wakimwona, akayashindilia matawi kwenye kiroba kitupu cha unga na kukiegemeza ukutani. Unaujua mnyaa, Mama. Ukiuvunja unatoa utomvu mweupe kama maziwa, na tangu utotoni tunaonywa kwamba ukikuingia machoni utaongozwa kwa fimbo.

Sasa kwenye taka ndipo penye balaa. Huku kwetu trekta la taka linapita kila Jumatatu na tela lake, linapiga honi, kila nyumba inatoa viroba vyake. Vijana wa trekta wana sheria yao, taka za jikoni wanabeba, za bustani hawabebi, iwe matawi au magugu au udongo, wanasema tela linajaa mapema na dampo liko mbali, na wakiona tawi limechomoza wanakumwagia kiroba chako mlangoni na maneno juu. Mimi nilikuwa na mashina makavu ya nyanya na magugu niliyong'oa, na pembeni hicho kiroba cha minyaa, na siku hiyo nilikuwa nimechoka, na ardhi ya kiangazi huku unaijua, jembe linaruka kama umepiga jiwe, kwa hiyo ingawa mama alikuwa ameshamwambia mtoto kwamba yale matawi yachimbiwe shimo, nilifikiria vile vijana watakavyokuja kukimwaga kiroba mbele ya mkwe wangu na kumtolea maneno kwa kazi aliyoifanya kwa mapenzi, nikaona heri nimwepushe na aibu hiyo, nikayakanyaga matawi yakashuka chini, nikaweka mashina ya nyanya na magugu, juu nikajaza maganda ya ndizi na makoko ya ugali, nikafunga kwa kamba, nikakibeba mpaka kona ya duka la vifaa vya ujenzi la Bhupendra, ambako nyumba nyingi huweka viroba vyao, ili kisikae mlangoni kwangu.

Honi ililia nikiwa barazani, kona ile naiona ng'ambo ya barabara. Kijana aliyekuja kubeba anaitwa Habakuki, mtu wa Mnyuzi, mpole, ndiye anayewaamkia bibi zetu mmoja mmoja kabla hajashika viroba vyao. Kile kiroba kilikuwa kizito, akakitupia begani, maji yakamchuruzikia usoni. Akajifuta kwa mkono uleule aliokishikia, akacheka, akamwambia mwenzake, "Leo nimenyweshwa supu ya ndizi." Nilifungua mdomo nimwambie akanawe. Nakuapia, Mama, nilifungua mdomo, na sauti haikutoka, na trekta likaondoka.

Kufika jioni macho yalikuwa yamevimba hayafunguki. Wakamkimbiza hospitali ya hapa, kesho yake akahamishiwa Korogwe. Dada yake Pendo, anayeuza vitumbua karibu na stendi, analia kila mteja anapomuuliza hali ya mgonjwa. Anasema madaktari wanataka kujua ni kitu gani kilimwingia, na wao ndugu hawajui, kwa sababu kiroba kilishamwagwa dampo pamoja na vingine, na Habakuki mwenyewe anasema ni maji ya taka tu. Lakini mtaa umeshapata jibu. Kiroba kilitoka kona ya Bhupendra, na Bhupendra anauza maji ya betri, basi ni Mhindi katupa maji ya betri kwenye taka. Hivyo ndivyo ndugu zake walivyokwenda kuwaambia madaktari huko hospitalini.

Mke wa Bhupendra, Bi Sakarbai, ndiye aliyemletea mke wangu bakuli la halua ya ngano yenye samli na tangawizi alipojifungua, akamlisha kwa mkono wake, akisema kwao mzazi asipokula hivyo mgongo haurudi. Sasa mlango wa duka lao umerushiwa mawe. Wamefunga, wako ndani, taa haziwaki. Mwenyekiti wa mtaa ameitisha mkutano Jumamosi, na vijana wanasema waziwazi kwamba wasiporidhika hapo, hawataishia kwenye mlango.

Nilimweleza mke wangu. Alikuwa ananyonyesha, akaniangalia mpaka nikainamisha kichwa, akasema, "Panga alishika mama, mtaa wote ulimwona. Ukitaja mnyaa tu, umemtaja mama yangu. Mzee, mgeni, katoka mlimani, watasema kashuka na uchawi wake. Basi fanya, baba, ukiniona niko Mpale na mtoto usiniulize."

Mama mkwe mwenyewe hajui chochote. Jana nilimsikia akimbembeleza mtoto, "Mjukuu wangu, muulize baba yako, lile shimo kalichimba wapi? Nisije nikapanda maboga juu yake." Mke wangu akajibu kutoka chumbani, "Kule karibu na choo, mama."

Nimekwama, Mama Serafina. Nikisema, nitakuwa nimemvunjia heshima mkwe wangu hadharani, jambo ambalo kwetu halina dawa, na nyumba yangu itakufa. Nikinyamaza, yule kijana anatibiwa kwa kubahatisha na majirani zangu wanaweza kuuawa. Nifanyeje ili mkwe wangu asiaibike? Je, kuna namna Habakuki anaweza kutibiwa bila mtu kusema ni nini kilimwingia? Tafadhali usilitaje jina langu.

Ni mimi, Mkwe Mwenye Adabu, Chanika.

*

Jibu la Mama Serafina

Marahaba. Hilo jina la Mkwe Mwenye Adabu nakunyang'anya kwa leo. Utarudishiwa ukilifanyia kazi.

Ujumbe wako uliingia jana, na kwa utaratibu wetu ungengoja foleni. Nilipofika kwenye neno mnyaa niliacha kusoma nikashika simu. Nimezungumza na muuguzi wa zamu huko Korogwe, nikamwambia yule kijana wa Mnyuzi anayedhaniwa kuungua na maji ya betri ameingiwa na utomvu wa mnyaa, amwambie daktari sasa hivi. Amekwenda kumwambia nikiwa bado kwenye simu. Sikukuomba ruhusa na sitakuomba radhi. Barua hungoja foleni, jicho halingoji.

Unaniuliza kama mtu anaweza kutibiwa bila kusemwa kilichomwingia. Mwanangu, hilo swali uliliandika kisha ukalisoma? Madaktari wameuliza, ndugu wamejibu uongo wasioujua kuwa ni uongo, na wewe mwenye jibu uko barazani unapima adabu. Huo ulikuwa ukatili, hata kama uliufanya kwa macho ya upole.

Pole nakupa, kwa sababu unateseka, na mtu mbaya asingeniandikia. Una mtoto mchanga, una mke mzazi, una mgeni mzito nyumbani na mwili umechoka. Yote hayo nayajua, nimelea. Pole yangu inaishia hapo.

Sasa tuisome barua yako vizuri, maana umeiandika kwa ujanja. Umenijazia kurasa kuhusu mkwe wako. Halafu katikati ya sentensi moja ndefu isiyo na pa kupumulia, kati ya jembe linaloruka na vijana wa trekta, umepitisha mbiombio kwamba mama alimwambia mtoto matawi yachimbiwe shimo. Ulidhani nitapitiwa? Chumvi ikiisha anamwambia mtoto, unasikia, unakwenda dukani. Shimo akamwambia mtoto, masikio yakaziba! Huyo mtoto wa kitovu kibichi ndiye aliyetakiwa akachukue jembe?

Mama yule alijua mnyaa ni nini. Ndiyo maana aliukata, ndiyo maana akasema uzikwe. Aliyeukanyagia chini ya magugu ni wewe. Aliyeufunika kwa maganda ili vijana wasiuone ni wewe, na aliyeubeba akauweka kwenye kona ya mwenzake ni wewe. Ukisimama ukasema ukweli wote, si nusu, mkwe wako haaibiki hata kidogo. Anayeaibika ni wewe, na hicho ndicho unachokiogopa tangu Jumatatu. Umejificha nyuma ya kanga ya mwanamke mzee halafu unaiita heshima.

Mimi ni Msambaa na nina wakwe wanaume. Wananipisha njia, hawanitamkii neno la ovyo, wananiletea kuni, nami nawaheshimu vilevile. Mmoja wao akithubutu kuniacha nalala usingizi huku mtoto wa mwanamke mwenzangu anapapasa ukuta kwa sababu ya kazi ya mikono yake, halafu aniambie alikuwa ananiheshimu, namrudishia mahari mpaka mbuzi wa mwisho.

Na mkeo, ambaye najua yuko karibu na redio hiyo, naye anisikie. Binti yangu, hongera kwa uzazi. Unampenda mama yako, lakini unamlinda kwa shimo la uongo karibu na choo. Ua umepungua upande mmoja, watu walimwona na panga, na Chanika si Dar es Salaam. Ukweli ukijitokeza wenyewe ndipo watakapomwita mama yako mchawi, na hutakuwa na la kuwajibu. Kinga aliyonayo ni moja, mumeo atamke mbele ya watu, "Mama alisema uzikwe, mimi sikuuzika." Ukimzuia kusema hayo, unampokonya mama yako shahidi wake. Na hiyo safari ya Mpale iache, mtoto bado mdogo kwa baridi ile.

Mwanangu, fanya hivi, na ufanye leo. Mpigie simu mshenga wenu, yule aliyekwenda kukuposea, umwambie kila kitu bila kurembesha, aje akae na mama mkwe wako amweleze kabla majirani hawajamfikia. Maneno mazito kati ya mtu na mkwe wake yana mlango wake, na mlango huo ni mshenga. Ulikuwa wazi siku zote. Kisha vuka barabara ukabishe kwa Bhupendra. Usimwite nje, ingia ndani, umweleze yeye na Bi Sakarbai mkiwa mmekaa, na wakikufukuza utoke kwa adabu, ni haki yao. Halafu nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Usingoje Jumamosi, mwambie leo, umwombe aweke mgambo karibu na duka lile, na karibu na nyumbani kwako pia. Jumamosi mkutano ukianza, wewe ndiye wa kwanza kusimama. Sema machache. Mnyaa ulikuwa wangu, kiroba nilifunga mimi, kwenye kona ya mwenzangu nilikiweka mimi. Wakikuzomea, zomewa. Hakuna aliyekufa kwa kuzomewa, lakini watu wameshakufa kwa uvumi.

Kuhusu bustani yako, chimba shimo la taka za majani. Kama ardhi ni ngumu, imwagie maji jioni, asubuhi jembe litaingia. Bibi zako walilima ardhi hiyohiyo. Magugu, mashina ya nyanya na maganda ya ndizi vikioza humo ni mbolea ya mchicha wako, wala hutakuwa na sababu ya kugombana na vijana wa tela wala kuwadanganya. Mnyaa haufai kuchanganywa humo ambapo utakuwa unashikashika, na usiuchome, moshi wake nao unawasha. Uchimbie shimo lake peke yake, refu, mikono ikiwa na glavu na macho yakiwa na miwani. Wengine mnaosikiliza mkijifanya hayawahusu, nawaona. Nyua ngapi za Handeni na Korogwe ni za minyaa? Utomvu ukikurukia machoni, osha kwa maji safi mengi, uoshe muda mrefu, halafu ukimbilie hospitali ukaseme ni mnyaa. Usitie maziwa ya mama wala dawa ya jirani.

Na wale vijana mliopanga mambo yenu baada ya mkutano, mmesikia. Hapakuwa na maji ya betri. Mawe yaliyoko mkononi yarudisheni barabarani, na mlango mlioupasua mkautengeneze.

Jina lako sikulitaja, mwanangu, na majina yote niliyosoma hapa nimeyabadili, isipokuwa la mti. Lakini hata bila jina, sasa hivi kuna watu wameshageuza shingo kuutazama ua wa nyumba fulani. Kwa hiyo toka mwenyewe kabla hawajaja kukutoa.

Ukitoka kwa mwenyekiti usirudi nyumbani, panda gari la Korogwe. Kabla sijaingia studio muuguzi alinipigia tena. Dawa wamebadilisha. Macho yote mawili bado yamefungwa bandeji, la kulia wana matumaini nalo, la kushoto hawataki kusema. Habakuki ameambiwa ni mnyaa. Hakutukana mtu. Aliuliza, "Nani kasema?" Muuguzi akamjibu ni mama mmoja wa redioni. Akasema, "Hapana, dada. Nauliza aliyekuwa anajua." Tangu hapo amekaa kitandani ameelekea mlangoni, hataki kulala, na kila mlango ukifunguliwa anauliza, "Ndiye?"

Zima redio, mwanangu. Nenda ukamjibu.